Kichwa kwenye Saruji

Mume wangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Mkasi, maana alikuwa akikata kitambaa kwa jicho tu, bila chaki, na hakosei. Kazi yake ya pili, ambayo sikuipenda hata siku moja, ilikuwa kukamata nyoka. Akiitwa tu, anaacha suruali ya mtu ina mguu mmoja, anachukua fimbo yake ya ndoano na ndoo yenye mfuniko, huyo.

Mama yake aliumwa na nyoka alipokuwa msichana. Na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi Mkasi, badala ya kumwonea huruma, alikuwa akimdondoshea miguuni futi yake ya kupimia, ile ya utepe, ili amwone anavyoruka.

"Ni futi tu, mama," anamwambia, huku anacheka mpaka machozi.

Siku hiyo nyoka alitokea uani kwetu wenyewe, nyuma ya pipa la maji. Mkasi alikuwa kwa mteja. Jirani yetu, fundi baiskeli, hakumsubiri; alimkata nyoka kichwa kwa koleo la kuchotea mchanga. Mume wangu aliporudi sote tulikuwa tumeshatulia, tunakunywa chai, na kichwa kimelala peke yake kwenye saruji.

Fimbo akaiegemeza ukutani. Kwa nyoka mzima asingethubutu. Akachutama, akakiokota kile kichwa kwa vidole, akamnyooshea mama yake.

"Njoo uone meno yake. Huyu kwisha habari yake."

"Kitupe, baba," mama mkwe akasema.

Kinywa kikajifunga kwenye kidole gumba cha Mkasi.

Fundi baiskeli alicheka. Hata mimi nilidhani ni utani wake, mpaka nilipoona anakung'uta mkono na kichwa hakitoki. Nilipigwa na butwaa, kikombe kikanitoka. Kitu hakina mwili, hakina moyo, kinauma! Mpaka leo nikisimulia nywele zinanisimama.

Hospitali walituambia kichwa cha nyoka huweza kuuma kwa muda mrefu baada ya kukatwa, na sumu yake ni ile ile. Uhai waliuokoa. Gumba walilikata, lile la mkono wa kulia, linaloshika mkasi. Nilimlilia, kisha nikamkasirikia, maana fimbo ilikuwa hapo hapo ukutani.

Siku hizi ninakata mimi, kwa chaki, na wateja wananivumilia. Juzi futi iliniteleza shingoni ikaanguka karibu na mguu wake. Mkasi aliruka, kiti kikapinduka, akajibana ukutani anahema, macho yamemtoka.

Mama mkwe akainama, akaiokota taratibu. Nikajua leo ni zamu yake ya kucheka, na haki anayo.

Akaikunja futi, akaitia mfukoni, akaushika ule mkono wenye vidole vinne.

"Ni futi tu, mwanangu," akasema, na yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka.