Dobi Aliyeshindwa Kudaiwa

Zamani mtu alipewa mali kauli, achukue leo alipe baadaye, kwa sababu mwenye duka alimjua yeye, baba yake na tabia ya baba yake, na siku hizi hapewi hata sindano mpaka kompyuta iliyoko mji mwingine iseme inamtambua.

Nasema hivi nikimkumbuka Dobi. Kibanda chake na changu cha kutengenezea saa vilitenganishwa na ukuta wa mbao, nami kwa miaka mingi nilimsikia akipiga chafya, akiimba na akigombana na pasi ya mkaa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye vidole vilivyosinyaa kwa maji. Alifua kwa mikono, na wateja wake aliwajua kwa kola. "Huyu kahamishiwa ofisi yenye feni," angesema akilinusa shati. Au: "Huyu kakosana na mkewe, Mzee. Tazama kifungo hiki, kimeshonwa na mwanamume."

Na hakuwahi kudaiwa. Akinunua kiberiti akaambiwa chenji hakuna, achukue tu atalipa kesho, alikirudisha kiberiti. Akialikwa chai, alikuja na sukari yake mfukoni. Mkewe, ambaye mtaa mzima tulimwita Kamanda, alikuwa akisema kwamba amezaa na mtu anayeomba radhi kwa kuvuta hewa ya wenzake.

Kwa bahati mbaya uaminifu haukumletea nguo. Watu walianza kununua mashine za kufulia za nyumbani, zile zinazozungusha shati mpaka linatoka likiwa halijui mikono iko wapi, na kamba za Dobi zikabaki wazi, ndege wakakaa. Ndipo meneja wa nyumba ya wageni ya barabara kuu alipomwita. Walikuwa wanaongeza ghorofa, wakahitaji mtu wa kufua shuka na foronya zote. Lakini hakutaka mtu na beseni. Alitaka kampuni, tena yenye mashine kubwa.

"Rangi ya ghorofa ikikauka tu," alisema, "kazi nampa mwenye mashine. Usije ukanililia."

Kazi hiyo ikimponyoka, Dobi angefunga kibanda. Kamanda alishaanza kuulizia bei ya kuuza mkaa.

Basi Dobi akasajili kampuni. Akaiita Usafi Bora na Washirika. Nikamuuliza washirika ni nani.

"Mama watoto."

"Huyo ni mmoja."

"Mzee, hujamjua vizuri."

Akachonga na mhuri. Alivyoupenda mhuri ule! Aligonga kila kitu, pasi, mlango, hata nguo za watu. Karani mmoja wa posta alirudi akilalamika kwamba kaptula yake ya ndani imeandikwa jina la kampuni mahali ambapo angeshindwa kumweleza daktari.

Pesa za mashine hakuwa nazo, kwa hiyo tukaenda benki. Nilikwenda naye kwa sababu alitaka awe na mtu mzima pembeni, kama ilivyokuwa desturi ya watu wenye adabu. Afisa mikopo alikuwa msichana mpole mwenye kucha ndefu kuliko kalamu yake.

"Baba, umewahi kukopa popote?"

Dobi akajinyoosha kitini. "Sijawahi, mwanangu. Hata siku moja." Akangoja apongezwe.

"Basi hapo ndipo penye tatizo."

"Tatizo?"

"Hatuwezi kujua kama utalipa."

"Lakini sijawahi kushindwa kulipa!"

"Kwa sababu hujawahi kukopa, baba."

Dobi akanigeukia. "Mzee, huyu mtoto ni mzima?"

Msichana hakukasirika, nampa haki yake. Akaeleza taratibu kwamba kampuni ni lazima iwe na rekodi yake yenyewe, mbali na mfuko wa mwenyewe. Fungua akaunti ya kampuni. Chukua sabuni ya jumla kwa mkopo, kwa jina la kampuni, kwa muuzaji anayepeleka taarifa za wateja wake benki. Lipa siku ya malipo ikifika. Rudia hivyo kwa miezi kadhaa. "Ukilipa vizuri, kompyuta itakufahamu."

"Mimi si huyu nimekaa mbele yako?" Dobi akamwambia. "Nifahamu wewe."

Muuzaji wa jumla alikuwa Bwana Sabuni wa pale kona, mtu mnene, mwenye roho nzuri na pumzi fupi. Alifurahi. Akampa Dobi mifuko ya sabuni ya unga, akamwambia atalipa baada ya mwezi. Hiyo ilikuwa asubuhi. Jua halijatua, Dobi alikuwa dukani na pesa taslimu mkononi.

"Hizi za nini?"

"Deni."

"Deni gani? Wino haujakauka!"

"Bwana Sabuni, nimekaa nalo tangu asubuhi. Limenitosha."

"Sasa ukilipa leo, hujakopa, umenunua! Nitaandika nini?"

Dobi aliziacha pesa juu ya mizani akatoka mbio. Rekodi ya Usafi Bora na Washirika ikabaki nyeupe kama shuka.

Mara ya pili Kamanda akaingilia. Sabuni ilipokuja, alizichukua pesa zote za kibandani akazitia kifuani, mahali ambapo hata mumewe aliingia kwa ruhusa. "Zitatoka siku yake ikifika," akasema. "Wewe daiwa kama watu wengine."

Hapo ndipo nilipoona mtu mzima anavyoteseka. Dobi aliacha kupita kona ile, akawa anazunguka nyuma ya msikiti mpaka sokoni kununua chumvi iliyokuwapo hata duka la jirani. Bwana Sabuni akipita kutusalimia, Dobi alimwitikia kutoka nyuma ya shuka lililoanikwa, tukawa tunaona miguu tu. Kisha dhamiri ikamzidi, akaanza kumfulia Bwana Sabuni nguo bila kuombwa. Akamaliza mashati, akaingia kwenye mapazia.

"Kamanda," Bwana Sabuni akaja kulalamika, "mwambie mumeo arudishe mapazia yangu. Majirani wananiona nikila."

"Vumilia, shemeji. Usiku anageuka-geuka kama samaki kikaangoni. Jana aliniuliza kama mdaiwa akifa usingizini, sabuni inarithiwa na nani."

Akaja na kwangu, akitaka nimkopeshe pesa akalipe deni.

"Halafu utakuwa unanidai nani?" nikamuuliza, kwa maana hata mimi nilishachanganyikiwa. "Yaani, utadaiwa na mimi."

"Ndiyo, lakini wewe uko karibu, nitakuwa nakuona."

Nilimfukuza. Kesho yake akauza baiskeli yake.

Alitokea kona mchana, watu wamejaa, pesa kaziviringisha ndani ya gazeti kwapani. Bwana Sabuni alimwona akija, akaelewa, akatoka kupitia mlango wa pembeni. Dobi akamfuata. Bwana Sabuni akaongeza mwendo. Basi mtaa mzima ukaona mnene anakimbia huku tumbo likimtangulia, na nyuma yake mwembamba anapiga kelele, "Simama! Simama tumalizane!"

"Siku bado!" Bwana Sabuni alijibu bila kugeuka. "Niache, Dobi! Siku bado!"

Angekuwa na baiskeli angemkamata mapema. Walizunguka soko, wakapita katikati ya wauza viatu, Bwana Sabuni akaishia ndani ya choo cha kulipia, akajifungia. Dobi akabaki nje anabisha.

Sasa niambieni, aliyeona jambo hilo afikiri nini? Tangu lini mwenye deni akamkimbiza anayemdai? Kwa jioni moja tu ikajulikana kila kibaraza kwamba Bwana Sabuni kafilisika, anadaiwa mpaka na dobi. Mwenye lori akaja kudai nauli yake. Mwenye nyumba akaja kudai kodi ambayo haijafika. Dereva wa kiwanda cha sabuni alileta mzigo, akasikia habari, akageuza lori na mzigo wake. Na hayo yalifanywa na vinywa tu, bila kompyuta, ili msidhani nasema zamani kulikuwa na malaika.

Bwana Sabuni alikuja kibandani macho mekundu. Hakupaza sauti.

"Umeniua, ndugu yangu. Sikupi tena hata kipande cha kunawia."

Bila sabuni ya mkopo hapakuwa na rekodi, bila rekodi hapakuwa na mashine, na pale nyumba ya wageni mafundi rangi walishapandisha ngazi zao. Dobi alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, kichwa mikononi.

"Nenda pale njia panda ukaseme ukweli," Kamanda akamwambia.

"Nikaseme nini?"

"Unajua."

"Mama watoto, afadhali nivuliwe nguo."

"Hizo nitakuvua mimi usipokwenda."

Alikwenda. Alibeba lile beseni, akalipindua katikati ya njia panda, akapanda juu. Nilimfuata kwa mbali.

"Jamani," akasema. "Bwana Sabuni hadaiwi na mimi."

"Hatusikii!" watu wa nyuma wakapiga kelele.

"Nasema hadaiwi! Anayedaiwa ni mimi! Mimi ndiye nina deni lake!"

Kisha mama mmoja muuza nyanya akasema, "Ndiyo umepandia beseni? Mimi nadaiwa huu mwaka wa pili na nimekaa chini."

Kicheko kikapasuka. "Rudia, Dobi!" wakamwambia. "Linakupendeza!" Akarudia. Akarudia tena, machozi yakimtiririka, mpaka dereva wa kiwanda, ambaye alikuwa hajaondoka mjini, akinywa soda kivulini, akasimama akasema basi, yatosha, atashusha mzigo. Nimeona watu wakiweka nyumba dhamana, wengine mashamba. Sijaona dhamana kubwa kuliko ile, na hakuna kompyuta iliyoiandika.

Bwana Sabuni alikubali kuendelea, kwa sharti kwamba Dobi asijue sabuni inakuja lini. Kamanda akakata shauri. Akampeleka mumewe ofisi ya usajili, wakabadilisha karatasi, akatoka yeye akiwa mkurugenzi. Pale pale ngazini akamwajiri.

"Kuanzia leo wewe ni mfanyakazi wangu. Unadaiwa nini?"

"Sidaiwi kitu."

"Na kampuni?"

Dobi akafikiri. "Hiyo ni shauri yako, bosi."

Alilala siku hiyo, wakaniambia, mpaka wakamwamsha kwa kugonga sufuria.

Kamanda alizaliwa kudaiwa. Alichukua sabuni mwanzo wa mwezi, akalala fofofo, siku ya malipo akalipa kutoka akaunti ya kampuni, akachukua nyingine. Mafundi rangi nao walipaka ukuta leo, kesho wakaenda msibani, keshokutwa wakasahau brashi. Mara moja tu maishani mwangu nimeshukuru uvivu wa mafundi wa siku hizi. Rangi ilipokauka, yule msichana wa benki alipiga simu: kompyuta imeikubali kampuni.

Mashine ikaja. Kubwa kama jeneza la ng'ombe. Ilipowashwa, saa zangu zote za ukutani ziliacha kwenda sawa, na wimbo wa Dobi sikuusikia tena kupitia mbao. Nilimweleza. Akasema, "Mpelekee mkurugenzi malalamiko, Mzee, mimi ni mwajiriwa." Kamanda akaongeza pasi ya mvuke kwa mkopo, halafu meza, halafu akasema kibanda hakitoshi, wanahamia ng'ambo ya mji.

Mara ya mwisho kuwaona walikuwa juu ya lori. Kamanda mbele na dereva, Dobi nyuma kakumbatia mashine. Lilikuwa limeshaanza kwenda aliponiona kibarazani, akashtuka, akaanza kupekua mizigo kama mwendawazimu.

"Mzee! Shati lako!"

Akalirusha, limekunjwa vizuri, limepigwa pasi hata kola. Likaanguka katikati ya dimbwi la matope.

Dobi akaupigapiga mgongo wa lori kwa viganja vyote viwili. "Simamisha! Simamisha, bosi! Nina shati la mtu!"

Kamanda akatoa kichwa dirishani, akatazama shati, akanitazama mimi, akanipungia mkono kwa furaha.

"Twende, dereva," akasema.

Lori likakata kona, Dobi kasimama juu ya mizigo, mikono kichwani.