Mulango wa Nyuma

Vita ilimukimbiza mama yangu Martine kutoka Bambu mara tatu, na kila mara alipona kwa sababu ya mulango wa nyuma. Basi komisyoneri, dalali wa nyumba, alipotutembeza Bunia kututafutia nyumba ya kupanga, Mama hakutaka kusikia habari ya maji wala ya kura, yaani umeme.

Kule Nyakasanza nyumba ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na mulango moja tu.

“Hii ni kaburi,” Mama akamufokea komisyoneri. “Twende!”

Katika mtaa mwingine, kartie Lumumba, mulango wa nyuma ulikuwako, unatokea uani kwa jirani. Mama akamuita yule jirani, akamuuliza bila hata salamu:

“Vita ikifika hapa, utaniacha nikimbilie kwako?”

Jirani akamuangalia sana.

“Kwangu? Dada, miye nilikuwa nangojea mupangaji mupya, nimuombe nikimbilie kwake.”