Viondo na Risiti ya Duka la Masanduku

Ulikuwa ule mwaka wa ugali wa njano. Mvua ilikataa, mahindi meupe yakapotea, tukauziwa unga ambao wajukuu wangu waliutazama kama dawa ya minyoo.

"Shosho, hii ni ugali ama ni keki?"

"Ni chakula. Kula."

Mwaka huo ndio viondo vyangu, vikapu ninavyosuka kwa mkono, viliingia kwenye intaneti. Mimi sikuingia. Mjukuu wangu mkubwa, msichana aliyemaliza chuo akakosa kazi, alivipiga picha kwenye nyasi hapa Waithaka, akaenda saiba, kwa zile kompyuta za kulipia huko tao mjini, akaviweka dunia nzima ivione. Nilidhani watakuja wazungu. Yakaja maofisi. Kampuni moja ya Kilimani ikaagiza viondo vingi vya kuwapa wageni wao Desemba. Tulisuka, mimi na kina mama wenzangu wa kanisa, mpaka vidole vikawa kama tangawizi. Kila msukaji huacha alama yake kwenye kitako cha kiondo. Yangu ni uzi mwekundu.

Tulipomaliza, mama wa kununua vitu wa kampuni hiyo akapiga simu. Risiti za kijitabu hachukui. Anataka risiti ya mashine, yenye namba ya kodi na VAT, ili nao waidai serikali iwarudishie kodi yao. Bila hiyo viondo vibaki kwetu.

Mjukuu hakushtuka. "Nishapanga, shosho. Kuna mwenye duka la masanduku tao, mashine anayo. Atatuchapia risiti ya viondo."

"Kwani yeye anasuka?"

"Shosho!"

Nikavaa koti la kanisani, tukaenda. Mwenye duka alikuwa mcheshi kweli. Alinipa kiti, akaniagizia chai.

"Mama, kila mtu hapa tao anafanya hivi. Ni karatasi tu."

"Hiyo karatasi itasema nani ameuza viondo?"

"Duka langu."

Nikamwangalia na masanduku yake yamepangwa mpaka darini. Uzi wangu mwekundu uko chini ya kiondo, halafu karatasi iseme ni kazi ya huyu! Hata kufunga fundo la kwanza hajui.

"Hapana. Jina si sufuria ya kuazimana."

Chai niliimaliza. Ilikuwa na tangawizi ya kutosha.

Mjukuu alitembea mbele yangu mpaka tukafika kwa lango letu. Hapo ndipo machozi yakatoka. "Umeniharibia, shosho. Hii ndiyo kazi pekee nimepata tangu nimalize shule."

Maneno hayo yaliniingia. Lakini mimi silii na mtu, mimi huamka mapema. Asubuhi nikamvuta hadi ofisi ya kodi tukajiandikishe sisi wenyewe, maana biashara ilikuwa kwa jina langu. Karani akanitazama juu ya miwani.

"Mama, una uhakika? Ukiingia VAT, kila mwezi ni lazima ulete hesabu, hata kama hujauza kitu."

"Kanisani naenda kila wiki na sijachoka."

Karatasi zikachukua muda wake, mashine nayo muda wake. Mama wa Kilimani akachoka kungoja, nusu ya oda akaipeleka kwa watu wengine. Nusu akatungojea. Vilivyobaki vikawa zawadi za Krismasi: mashemeji viondo, walimu viondo, pasta viwili. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyebeba viazi mkononi mwaka huo.

Mashine niliiweka kwenye meza ya sebuleni, nikaifunika kitambaa cha kufuma kama redio. Risiti ya kwanza ilipotoka ikinguruma, mjukuu akaikata akanipa. Mimi niliyeachia shule darasa la tatu, nilisoma jina langu mwenyewe, halafu nikalisoma tena. Yule msichana akacheka, nikajua tumepatana. Oda nyingine za maofisi zilikuja kwa sababu ya hiyo risiti, na mpaka leo hajaomba mtu kazi.

Sasa, habari hutembea. Jirani yetu mmoja alihamia mtaa wa Satellite, akaanza kuuzia mahoteli aproni kwa hiyo hiyo intaneti. Siku moja akaja na sufuria yangu aliyokuwa ameiazima, chini imeungua, mfuniko hauonekani. Akanywa chai, akasifu mashine, akasifu hata kitambaa.

"Shosho, nichapie risiti moja tu ya aproni zangu. Si wewe ni kama mama yangu?"

Nikaitazama ile sufuria.

"Hapana. Jina si sufuria ya kuazimana."