Makamu Aliyetuchekesha

Nakumbuka Jumanne moja ya mwezi wa saba, hapa hapa Woolwich, jua bado linawaka dirishani saa kumi na mbili jioni kama ilivyo tabia yake wakati wa kiangazi cha nchi hii ya Waingereza. Nyumbani Kenya ilikuwa saa mbili usiku, na televisheni ilikuwa inaonyesha mdahalo wa wagombea wenza, wale mabwana wawili ambao mmoja wao angekuwa makamu wa rais wetu. Nilikuwa nimepika mapema, nimezima simu, nimekaa. Mwanangu unayenisikiliza, miaka ishirini na sita nimewaogesha na kuwalisha wazee wa watu katika makao ya wazee ya mji huu, mbio mbio, saa ukutani inanitazama. Siku niliyostaafu nilijiapiza kwamba yako mambo sitayafanya tena kwa haraka. Kusikiliza ni mojawapo.

Tulikuwa watatu. Binti yangu Wakesho, niliyekuja naye akiwa na miaka minne, sasa ni mwanamke mzima mwenye kazi yake ofisini. Na Mama Furaha, jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Bukavu, aliyepanda kunirudishia sufuria nikamwambia akae.

Wakesho ndiye hakutaka kukaa. Hunijibu kwa Kiingereza siku zote, nami nakusimulia maneno yake kwa lugha yetu. "Mama, huu ni mdahalo wa wasaidizi," alisema. "Nani humpigia kura msaidizi?"

"Kaa," nikamwambia.

Akakaa, macho kwenye simu.

Wa kwanza alikuwa bwana mwenye sauti nzito, suti imemkaa vizuri, anazungumza kama mtu aliye sebuleni kwake. Wa pili alikuwa mwembamba, mwenye makaratasi, anakohoa kidogo kabla ya kila jibu. Mtangazaji akawauliza hivi: zahanati nyingi za vijijini hufungwa Ijumaa jioni mpaka Jumatatu, mama akishikwa na uchungu Jumamosi, serikali yenu itamfanyia nini?

Yule wa kwanza akatabasamu. Akasema yeye mwenyewe alizaliwa kando ya barabara, mama yake akitoka sokoni, na ndiyo maana hadi leo hawezi kutulia ndani ya nyumba. Akaigiza jinsi bibi yake alivyomfunga kwa kitenge cha muuza viazi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wakesho akaweka simu chini, akacheka. Na mimi, nisikufiche, nilicheka mpaka nikajifuta macho.

Mama Furaha hakucheka. Alisubiri tunyamaze, kisha akauliza kwa upole, "Sasa ule mutu alijibu nini?"

Wakesho akaichukua tena simu yake.

Yule wa pili akakohoa. Akasema wakunga hawatoshi, na ukweli ni kwamba hawezi kufungua zahanati zote siku za mapumziko mwaka wa kwanza. Wangeanza na moja katika kila wadi ya uchaguzi, nyingine zingengoja. Aliyasema hayo akitazama karatasi, makavu kama muhogo wa juzi. Wakesho akapiga mwayo.

"Wa kwanza ameshinda," alisema. "Amemmaliza mwenzake."

Hapo ndipo nilipogutuka, mwanangu. Maana kicheko kile nilikifahamu. Niliwahi kucheka hivyo hivyo nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Nikachukua rimoti, nikasimamisha picha, yule bwana wa makaratasi akaganda mdomo wazi. Nikamwambia binti yangu jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwambia.

Ujana wangu niliumalizia katika shamba la mkonge, kule Taita chini, karibu na reli. Wanaume walikata majani, sisi wanawake tulifunga matita na kuyabeba hadi njiani. Mkonge si mmea wa mchezo. Kila jani lina mwiba nchani, mgumu kama sindano ya magunia. Kwa hiyo chama chetu cha wafanyakazi kilikuwa kimepigania, kabla sijafika, chumba kimoja cha watoto karibu na ofisi. Mama mmoja mtu mzima, Mama Nyambu, alilipwa kukaa na watoto wetu humo hadi saa ya kutoka. Kilikuwa chumba cha mabati tu, chenye mikeka na mtungi wa maji. Lakini ukimwacha mtoto pale, mikono yako ilifanya kazi bila moyo kuruka ruka.

Ikafika siku ya kuchagua viongozi wa tawi. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Mwadime, mtu wa msimamo, naye alirudishwa bila kupingwa. Ilipofika zamu ya makamu, jua lilikuwa kali, watu wamechoka, wanataka kwenda. Kulikuwa na mkataji mmoja tuliyemwita Kinanda, kwa sababu mdomo wake ulikuwa haukomi kutoa muziki. Alimwiga meneja, alimwiga nyapara, alimwiga hata punda wa maji. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Tumpe Kinanda, angalau mikutano itakuwa na raha." Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakampa. Sikumaanisha ubaya. Nilifikiri makamu ni kiti cha pembeni, cha kumfurahisha mtu.

Haikupita miezi mitano, Mzee Mwadime akapooza upande mmoja, akarudishwa kwao milimani. Kinanda akaketi katika kiti chake. Meneja akamwita ofisini kuhusu kile chumba cha watoto. Alitaka kukifanya ghala. Tulikaa nje tukingoja. Tukasikia kicheko humo ndani, cha meneja na cha Kinanda, vimechanganyika. Alipotoka alituambia mambo yako sawa, akamwiga meneja anavyotafuta miwani iliyo usoni mwake, na tukacheka tena. Wiki iliyofuata chumba kilifungwa. Mama Nyambu akapewa ufagio, afagie ofisi.

Wanawake wakaanza kwenda na watoto shambani. Rafiki yangu Saru alikuwa na mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Alimlaza kwenye kanga katikati ya mistari, akafunga matita mawili, akamgeukia. Mtoto alikuwa amejishika kwenye jani ili asimame. Mwiba ulimwingia jicho la kushoto.

Jicho lile halikupona, mwanangu. Nilimbeba mimi mwenyewe hadi barabarani kutafuta gari, Saru akikimbia nyuma yangu bila viatu.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Nyambu. Nadhani nilitaka anibembeleze. Nilimkuta anachambua mchicha kizingitini, nikaanza kumlaumu Kinanda: ni msaliti, ametudanganya, ametuuza. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Hakukudanganya. Ulimchagua akuchekeshe. Amekuchekesha."

Nikakaa chini kando yake.

"Siku ile ulimuuliza nini?" akaendelea. "Kuna aliyemuuliza atafanya nini siku Mwadime hayupo? Makamu ni nani, kama si mtu wa siku mbaya?" Akaweka mchicha kando. "Binti, mtu akisimama kuomba kiti, msikilize kama unavyosikiliza kikohozi cha mtoto. Hutafuti sauti tamu. Unatafuta kujua ndani kuna nini."

Hakunigombeza zaidi ya hapo, wala sikuhitaji. Majuto ni mjukuu, na wangu nimembeba mgongoni miaka yote hii. Nilimwomba Saru msamaha. Alinisamehe kwa mdomo siku hiyo hiyo, na kwa moyo baada ya muda mrefu sana, na sikuwa na haki ya kumharakisha. Kinanda tulimwondoa. Ilituchukua mwaka na nusu, mkutano baada ya mkutano, nikiwa mimi ninayesimama mbele kuuliza maswali. Chumba kikafunguliwa tena. Jicho halikufunguka.

Nilipomaliza kusimulia, Wakesho alikuwa ameishika simu bila kuitazama. Mama Furaha ndiye aliyezungumza kwanza. "Kwetu," alisema, "mimi sijaona mukubwa anaulizwa mbele ya batu, na batu bote banasikia. Tulikimbia bila kuuliza mutu kitu. Ninyi munaulizia hapa kwenye kiti, na chai iko mukononi." Hakusema kwa kutuchoma. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa, na ndiyo maana ilituchoma.

Nikaenda kuleta daftari. Nikamwambia Wakesho apige mstari katikati: huku ameulizwa nini, huku amejibu nini. Tukarudisha mdahalo mwanzo, tukausikiliza wote, swali kwa swali. Akichekesha mtu, tunacheka, hatukuwa mawe. Lakini kalamu inangoja jibu. Upande wa yule bwana wa sauti nzito ukabaki na mapengo mengi. Debe tupu haliachi kuvuma, nikasema, nikiridhika na nafsi yangu.

"Mama," Wakesho akasema, "na huyu wako?"

"Wangu yupi?"

"Mwembamba. Ameulizwa kuhusu ardhi ya wale waliofukuzwa makwao. Amesema ni suala zito linalohitaji hekima. Hilo ni jibu?"

Nikasema alimaanisha kwamba ataunda kamati. Wakesho akarudisha picha. Hakusema kamati. Hakusema kitu. Nilikuwa nimemjazia mimi mwenyewe, kwa sababu moyo ulikuwa umeshamchagua. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Ukigeuzwa kwako ndipo unajua una ncha. Ardhi ni jambo ninalolijua, wajomba zangu waliondolewa kwao wakiwa na vyungu kichwani, na bado nilikuwa tayari kumsamehe mtu jibu hilo kwa sababu alikohoa kwa unyenyekevu. Nikamwambia binti yangu, "Andika hakujibu." Akaandika. Iliniuma, lakini ilinifurahisha pia, kwa namna ambayo siwezi kuieleza sawasawa.

Siku ya kura ilipofika, Wakesho aliomba ruhusa kazini. Sikumwomba. Goti langu lilikuwa limevimba, treni zilikuwa na matatizo, tukapanda mabasi mawili na kutembea kilichobaki hadi ubalozini. Foleni ilizunguka jengo. Nyuma yetu kijana mmoja wa watu alikuwa anamwambia mwenzake kwamba kura za nje ni chache, hazibadilishi kitu, na makamu ni pambo tu. Nilikuwa ninageuka kumjibu, lakini Wakesho alinitangulia. Kwa Kiswahili, mwanangu, kile chake cha kuokotezaokoteza, alimwambia, "Ndugu, makamu ni mtu wa siku mbaya. Wewe ulimsikia akiulizwa?"

Yule kijana akasema hakuutazama mdahalo.

"Sasa umekuja kumchagua vipi?" Akampa simu yake, mdahalo uko ndani. Walisimama wanatazama mpaka tulipofika mlangoni.

Mimi nilipigia kura upande wa yule mwembamba, pengo lake nikiwa nalijua. Tangu hapo nimewaandikia watu wa chama chake barua mbili kuhusu ardhi, na ya tatu naiandika wiki hii. Wakesho alimpigia nani, sijui. Nilimuuliza kwenye basi, akanijibu kwamba kura ni siri, akafumba macho kana kwamba amelala. Nami nikamwacha.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe uliye mbali na nyumbani na uliye nyumbani pia. Usimdharau anayeomba kiti cha pili, kwa maana siku wa kwanza atakapoanguka, na watu huanguka, huyo ndiye atakayefungua au kufunga mlango wa mtoto wako. Cheka ukichekeshwa, Mungu hakutuumba tununune. Ila kicheko kikiisha, jiulize ameulizwa nini na amejibu nini. Umuulize hivyo unayemchukia, na umuulize mara mbili unayempenda, kwa sababu huyo ndiye utakayemjazia maneno ambayo hakuyasema. Ukikosea, usikae ukilaumu. Simama, uliza, rudi tena kesho uulize. Na usimngojee mtu akuambie kwamba sauti yako ni ndogo. Ndogo ndiyo uliyopewa, itumie yote.

Mungu akupe sikio lisilolewa kwa maneno matamu. Akupe ulimi usioogopa wakubwa, na moyo usiochoka ukiambiwa ngoja. Akulinde ugenini, akurudishe kwa watu wako ukiwa na heshima, na watoto wako wasimame wima mahali ambapo hakuna miba. Amina.