Kalavati la Lufingo

Nikimwona mtu anachelewesha kazi ili atafute neno zuri, damu inanichemka. Nina sababu.

Miaka ile ya Ujamaa, tawi letu la chama cha wahandisi wa barabara pale Tukuyu lilikuwa dogo. Sote tulienea kwenye Landrova moja. Kazi yetu ilikuwa kuishauri wilaya. Njia ya Lufingo ilikatizwa na kijito kilichopita ndani ya kalavati bovu, na masika yalikuwa yanabisha hodi. Mke wangu alikuwa kwao, ng'ambo ya kijito, na mganga wa hospitali ya Tukuyu alikwishasema huyu asizalie nyumbani.

Nikapendekeza kalavati jipya lijengwe haraka. Mwenyekiti akakunja uso.

"Ndugu, kalavati ni neno la mkoloni. Tuna lugha yetu."

"Tuseme nini basi, Ndugu Mwenyekiti?"

Mmoja akasema mtaro, mwingine bomba la njia. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mwenyekiti akaamua: daraja dogo. Wenzangu wakapiga makofi.

Sasa, kalavati wilaya ilijijengea yenyewe, kwa saruji ya stoo na nguvu za wananchi. Daraja, liwe dogo liwe kubwa, lilitaka idhini ya mkoa. Nilisema hivyo palepale, nikaambiwa nina kasumba. Shauri likapelekwa Mbeya, likalala huko.

Mvua ikaja, na mvua ya Rungwe haina utani. Kalavati likasombwa. Uchungu ulipomshika mke wangu, vijana wa Lufingo walimbeba kwa machela ya mianzi hadi kijitoni, wakakwama. Mimi nilikuwa upande wa pili na Landrova, nimezama kwenye tope, nasikia analia na siwezi kuvuka. Mhandisi mzima. Binti yangu alizaliwa pale ukingoni, wanawake wakimkinga mama yake kwa majani ya mgomba. Namshukuru Mungu wote wawili walikuwa wazima, lakini hasira ile ninayo hadi leo.

Maji yalipopungua, mwenyekiti alikuja Lufingo kutupongeza. Akauliza mtoto anaitwa nani.

Mama mkwe wangu ndiye aliyemjibu, kwa sauti ya upole kabisa.

"Ndaga fijo kwa kuja, mwanangu. Anaitwa Kalavati. Ninyi si mlilitupa hilo jina? Sisi tumeliokota."

Mwenyekiti alicheka peke yake.