Kathodi Kutoa Anodi

Chumba cha kemia kilinuka siki na chaki iliyoloa. Mvua ya Bukavu ilipopiga mabati hatukumsikia mwalimu, basi aliandika tu, nasi tukanakili, wasichana wa mwaka wa sita tuliobanana kwenye mabenchi huku ukungu ukilifunika ziwa dirishani. Ilikuwa enzi ya Zaïre, na mwalimu tulimwita Citoyen, yaani Raia, kama serikali ilivyoagiza. Asubuhi moja alitumbukiza kipande cha zinki na kipande cha shaba katika vikombe viwili, akaunganisha nyaya, na mshale wa kipimo ukacheza. Kisha akaandika milinganyo minne. Wa kwanza: volti za betri ni za kathodi kutoa za anodi. Wa pili ulirekebisha volti hizo chumvi inapozidi au kupungua majini. Wa tatu ulitoa uzito wa shaba inayoganda kwa mkondo na muda fulani, na wa nne ulionyesha kama mmenyuko utakwenda wenyewe. "Asiyejua hii minne," alisema, "asiende kwenye mtihani wa taifa."

Siku ile Nsimire hakuwepo. Alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi. Kila asubuhi tulishuka pamoja kutoka mtaani kwetu Kadutu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Sasa malaria ilikuwa imemlaza wiki nzima. Alinipita katika kila somo. Citoyen alizoea kuinua daftari lake ili tuone kazi safi, na nyumbani baba aliniuliza, bila ubaya wowote, kwa nini mimi sikuwa kama mtoto yule wa jirani. Nilimpenda. Pia nilikuwa nimechoka naye.

Jioni nilimkuta amejifunika blanketi, midomo imepasuka, chumba kimejaa harufu ya majani ya mkalitusi yaliyochemshwa. Alinisogezea daftari. "Uniandikie, ndugu yangu. Macho inaniuma." Nikakaa miguuni pake, nikanakili milinganyo mitatu kwa mwandiko mzuri kabisa. Ule wa kwanza niliugeuza: anodi kutoa kathodi. Sikukosea. Nilitaka tu asimame ubaoni mara moja, Citoyen amwambie hapana. Lakini Citoyen aliitwa kwao kwa msiba na somo halikurudiwa. Kila siku nilipita mlangoni kwa Nsimire nikijiambia kwamba kesho nitamweleza, hadi mtihani ukafika.

Tulipotoka alinikimbilia akicheka. "Ile ya zinki na shaba, ulipata ngapi? Mimi nilipata moins un virgule dix. Ilikuwa mu majibu ya kuchagua, hata sikurudilia hesabu!"

Jibu sahihi lilikuwa moja nukta kumi, bila ile alama ya kutoa mbele.

"Mimi pia," nikamjibu.

Majina ya waliofaulu yalisomwa redioni. Langu lilikuwamo. Tulisubiri lake mpaka muziki ukaanza, na mama yake bado alikuwa akiongeza sauti, kana kwamba jina lilikuwa limejificha chini ya magitaa. Huenda alianguka kwa maswali mengine, sitajua kamwe. Baba yake alikataa arudie mwaka, akamwoza kwa mchimba dhahabu wa Kamituga. Mimi nilikwenda chuo kikuu, nikawa mwalimu wa kemia. Kila mwaka ninapofika kwenye somo lile, nikiwa nimelipa darasa mgongo, ninamsikia nyuma yangu akicheka kicheko cha siku ile, karibu kabisa, na huwa sigeuki mpaka kiishe.

Mwaka jana alikuja shuleni kwangu, mjane mwenye mvi, amemshika mkono mjukuu wake. "Maman Prof, nakuachia huyu. Umufundishe vile ulinisaidia mimi wakati nilikuwa mugonjwa. Sikusahau." Nikampokea mtoto.

Siku hizi wanafunzi hupiga picha ubao wote kwa simu, na aliyelala na homa hupata somo kabla sijalifuta. Kukiri nako kumekuwa kazi ndogo. Zamani ningepanda lori siku mbili hadi Kamituga. Juzi nilimpigia Nsimire. Akaitika mara moja.

"Allô, Maman Prof? Mutoto amekosa nini?"

"Hajakosa kitu," nikasema. "Anafanya vizuri."

Akanishukuru, akaniombea baraka, mimi na nyumba yangu yote. Nilimsikiliza mpaka alipokata.