Nilivyojinyima Maji Nikiwa na Mimba

Mimi ni mzaliwa wa Nyakisasa, mkulima tangu utoto. Kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa tuliishi karibu na chemchemi. Ukisikia kiu unashuka, unakunywa, unajisaidia migombani, unarudi kulima. Sikujua kwamba ile ilikuwa neema.

Kijiji kipya kilikuwa juu mlimani, na shamba la kijiji lilikuwa peupe, hakuna hata kichaka. Mume wangu alikuwa amekwenda vitani na wenzake wa mgambo. Nilibaki na wazazi wake, mimba yangu ya kwanza ikiwa imeshakuwa kubwa. Mwenye mimba haja ndogo haimwishi, nasi tulilima pamoja na wazee wa kiume, baba mkwe wangu akiwemo. Ningechuchumaa wapi? Nikaona dawa ni kutokunywa. Asubuhi nililowesha ulimi tu, basi, mpaka jioni.

Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, tena unanuka. Halafu ukaanza kunichoma. Midomo ilipasuka, nikisimama naona kizunguzungu. Nikasema ni uchovu wa mimba. Siku moja, jua likiwa kali, tumbo likakaza kama ngoma, likaachia, likakaza tena. Nikapiga magoti palepale kwenye tuta.

"Miezi haijatimia!" mama mkwe alilia. "Mtoto anataka kutoka!"

Wazee walewale niliowaonea haya ndio walionibeba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Njia nzima nilitetemeka kwa homa.

Daktari aliniuliza, "Mama, leo umekunywa nini?"

"Sijanywa kitu."

"Na jana?"

Nikatikisa kichwa. Nililia, lakini hata machozi hayakutoka.

"Mwili umekauka," akasema, "na kwenye njia ya mkojo kuna ugonjwa. Hayo mawili yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Tutajaribu kuuzuia."

Walinitundikia dripu, wakanichoma sindano. Mama mkwe alinishikia kikombe cha maji yaliyochemshwa, nikanywa funda baada ya funda. Kila tumbo lilipokaza nilimwaza mume wangu: akirudi atakuta nini? Polepole uchungu ukapungua, mwisho ukaacha. Nikamsikia mtoto akipiga teke.

Tuliporudi, mama mkwe alisimama kwenye mkutano wa kijiji. Nilitamani ardhi inimeze.

"Wanawake hawanywi maji shambani kwa sababu hawana pa kujisitiri," alimwambia mwenyekiti. "Choo hakuna. Mnataka wajukuu au hamtaki?"

Hakuna aliyecheka. Wiki ileile wazee walichimba choo kando ya shamba, wakakizungushia nyasi. Ikawa kila tunapokwenda kulima, debe la maji ya kuchemsha linatangulia.

Binti yangu alizaliwa kwa wakati wake. Baba yake aliporudi kutoka vitani alimkuta anatambaa.

Namshukuru Mungu, daktari yule na mabega yaliyonibeba. Nawe unayenisikia, usingoje kiu ikushike. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, hata siku ya baridi. Utazame mkojo wako. Ukiona umekolea, mwili unaomba maji. Na kama ni haya inayokuzuia kunywa, mwambie mtu. Mimi nilishindwa kusema, kidogo nimzike mwanangu. Daktari alimwokoa binti yangu siku ile, lakini alifikisha miezi yake kwa sababu mama mkwe alithubutu kutamka neno "choo" mbele ya wanaume.